Flash ya Messiah ya Handel: mbona sauti inashuka nusu toni katikati? Na nianze kukusanya rekodi zipi?

besi_wa_parokia:

Tumsifu Yesu Kristo wakuu, na wa dini zingine habari za jioni. Naombeni masikio yenu maana hili jambo linanisumbua tangu Jumapili.

Mimi naimba sauti ya nne kwenye kwaya ya parokia huku Morogoro, mwaka wa 11 huu. Kama wengi humu, Aleluya Kuu nilifundishwa kwa nota za do re mi, karatasi yenyewe kopi ya kopi mpaka zile nukta za kugawa mapigo zimefutika, na miaka yote nilijua ule ni wimbo unaojitegemea, wa Pasaka na Krismasi basi. Mwaka jana ndo mwalimu wetu akatuambia umekatwa kutoka kwenye kazi kubwa ya mtunzi Handel inaitwa Messiah, ina sehemu tatu, inachukua kama saa mbili na nusu. Nilihisi kama mtu aliyekaa sebuleni miaka yote kumbe nyumba ina vyumba vingine havijawahi kufunguliwa.

Nikaanza kuitafuta. Mwezi uliopita nikiwa Dar nikanunua flash kwa jamaa anayeuza nyimbo za kwaya, akaniambia humu ni Messiah yote kamili. Nimekaa nayo na kinanda changu nafuatisha wimbo mmoja mmoja na Biblia iko pembeni, maana maneno yote ni Maandiko. Sasa ule wa "na utukufu wa Bwana utafunuliwa" uko sawasawa na kinanda. Nikifika kwa "maana kwa ajili yetu mtoto amezaliwa" kila kitu kimeshuka, sio sana, nusu toni hivi. Aleluya Kuu ndo kabisa, kwenye karatasi yetu Do ni D, humu Do imeangukia kwenye kile kitufe cheusi kabla ya D. Alafu kuna ule wa Malaki, "lakini ni nani atakayestahimili siku ya kuja kwake", upo mara mbili mfululizo, faili moja anaimba mwanaume wa besi, faili linalofuata wimbo uleule anaimba mwanamke mwenye sauti ya chini. Na soprano kuna mahali ni wamama wazima kuna mahali nasikia kama watoto.

Je flash ni mbovu au inacheza taratibu ndo maana sauti inashuka? Na kati ya besi na yule mama nani anaimba sahihi? Nataka nianze kununua rekodi moja moja za ukweli nizilinganishe ila sijui ipi ndo yenyewe.

*

mwalimu_wa_nota:

Kaka flash yako haina ubovu wowote, ila huyo muuzaji amekuchanganyia rekodi mbili au tatu tofauti akazipanga kama kitu kimoja. Na wewe umeligundua kwa sikio na kinanda peke yako, hongera sana, kuna watu wana CD 50 nyumbani hawajawahi kusikia hiyo nusu toni.

Iko hivi. A ya kinanda chako inapiga mitetemo 440 kwa sekunde, ndo kipimo cha okestra nyingi za kisasa. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 wakatokea wanamuziki wanaopiga ala za zamani au zilizotengenezwa kwa mfano wa zile, violini zenye nyuzi za utumbo, tarumbeta zisizo na vali, na wao wanatuna A kwenye 415. Tofauti hapo ni karibu nusu toni kamili. Kwa hiyo Aleluya yako iko palepale kwenye D, ila ni D yao. Bonyeza kitufe cha transpozi kwenye kinanda weka kutoa moja, utaona inakaa bila kelele. Na kuanzia leo hicho kinanda ndo kipimo chako, ukisikia imeshuka nusu toni jua karibu kila mara uko na watu wa ala za zamani.

Hao watoto unaowasikia inawezekana kabisa ni rekodi ya kondakta Christopher Hogwood na okestra ya Academy of Ancient Music iliyotoka 1980. Kwaya ni ya Christ Church ya Oxford, soprano wote wa kwaya ni wavulana, na kwenye solo yumo Emma Kirkby mwenye sauti nyoofu kabisa isiyotetemeka. Wao walirekodi Messiah kama ilivyopigwa 1754 kwenye ile taasisi ya London ya kulea watoto walioachwa na wazazi. Handel alikuwa akiipiga pale kuchangisha fedha, na kwenye wosia akawaachia nakala ya nota. Vitabu vya malipo vya 1754 vimebaki ndo maana tunajua okestra ilikuwa na watu kama 38 na kwaya kama 19 hivi. Yaani kwaya ndogo kuliko kwaya yako ya parokia.

Sasa swali lako la besi na yule mama, hapo ndo patamu. Wote wako sahihi. Handel aliandika Messiah 1741 kwa siku 24, kuanzia Agosti 22 mpaka Septemba 14, ikaimbwa mara ya kwanza Dublin Aprili 13, 1742, na tangu siku hiyo hakuacha kuibadilisha. Kila msimu anaangalia ana waimbaji gani, huyu ana sauti ya juu nzuri anampa huu, yule hawezi anampunguzia. Huo wimbo wa Malaki kwanza aliuandikia besi, taratibu mwanzo mpaka mwisho. 1750 akampata mwimbaji wa Kiitaliano anaitwa Gaetano Guadagni, mwanaume mwenye sauti ya alto, akamwandikia upya na ndo akaweka ile sehemu ya kasi ya "kwa maana yeye ni kama moto wa mtu asafishaye fedha", violini zinakimbia kama cheche. Baadaye besi wengi wa karne ya 20 wakaipenda hiyo ya moto wakaibeba wao. Kwa hiyo besi wako akiimba ile sehemu ya kasi, anaimba nota zilizoandikwa kwa alto. Rudi ukasikilize.

Ndo maana ukiniuliza ipi ndo yenyewe siwezi kukupa moja, mwenyewe mtunzi hakuacha moja. Ila kwa mtu anayeanza ningekushauri ununue mbili zinazopingana kabisa. Ya kwanza kondakta Colin Davis na okestra ya London Symphony ya 1966, ala za kisasa, iko 440 kwa hiyo kinanda chako kitakubaliana nayo, lakini nyepesi, inatembea, haijavimba. Ya pili John Butt na Dunedin Consort ya 2006, hao wamefuata ile ya Dublin 1742, waimbaji wachache mno na wanaoimba solo ndo haohao wanaosimama kuimba kwaya. Ukitoka kwa Davis kwenda kwa Butt utasikia sauti ya nne kama watu, unawahesabu.

Alafu usilinganishe saa mbili na nusu nzima utachoka na masikio yatakudanganya. Chagua sehemu moja unayoijua mwilini. Wewe ni besi, chukua Aleluya pale "naye atatawala milele na milele", sauti ya nne ndo mnaanza, tenor (sauti ya tatu) anafuata, alto, soprano wa mwisho. Sikiliza hapo tu kwenye kila rekodi. Je tenor anapoingia besi bado unamsikia au amefunikwa? Alafu ruka mpaka mwishoni kabisa, kabla ya ile haleluya ya mwisho ya taratibu kuna ukimya, kila mtu amenyamaza pamoja na ngoma. Mimi nikipata rekodi mpya naanzia pale. Kwenye ule ukimya unasikia ukumbi wenyewe, mwangwi unarudi kutoka ukutani, unajua ni kanisa la mawe au studio, na unajua kondakta ni mtu wa kungoja au ana haraka.

*

mtunza_santuri:

Mwalimu nakuheshimu na yote uliyosema ni kweli ila umemruka Beecham na mimi siwezi kunyamaza. Thomas Beecham na Royal Philharmonic, 1959, lebo ya RCA. Hii aliandikiwa okestra mpya kabisa na Eugene Goossens, kuna vinubi, kuna pembe, kuna tromboni, kuna matoazi, Aleluya inapopanda matoazi yanalia mpaka unasimama. Najua watu wa ala za zamani wanasema Handel hakuweka matoazi, sawa hakuweka, lakini Zaburi ya 150 imesema msifuni kwa matoazi yavumayo sana na Beecham amefanya hivyo kwa moyo wote, huwezi kuisikia ile rekodi ukasema huyu mtu anatania. Tenor wake ni Jon Vickers, sauti kama ya nabii anayetoka jangwani, pale mwanzo "watulizeni mioyo, watu wangu" anaimba kama analibeba neno mkononi asije akalimwaga.

Na kuongezea Messiah ala mpya sio dhambi iliyoanza na Beecham. Mozart mwenyewe 1789 kule Vienna aliongeza filimbi na klarineti na tromboni, ikaimbwa kwa Kijerumani. Hiyo ya Mozart nayo ina rekodi zake, Charles Mackerras aliifanya, na ni huyohuyo Mackerras aliyerekodi 1966 Messiah ya Handel yenye kwaya ndogo na mapambo ya sauti kama zamani, mwaka uleule wa Davis, ndani yumo Janet Baker. Mtu mmoja, njia mbili. Hapo ndo nilipojifunza kuacha kugombana na watu kuhusu ipi ni halali.

Mimi ninayo ya Beecham kwenye santuri. Ushauri wangu kwa besi, anza na Davis kama mwalimu alivyosema ila ya pili iwe Beecham, maana ukitaka kulinganisha chukua vilivyo mbalimbali kama mlima na bonde.

*

soprano_ughaibuni:

Shikamoo mwalimu, na wengine habari zenu. Mimi niko Uingereza mwaka wa 8, naimba kwenye kwaya ya mtaa, na huku kila Desemba Messiah inaimbwa kila kona, makanisa, kumbi za mji, mashule. Ikifika Aleluya watu wote wanasimama. Wanasema mfalme George wa Pili alisimama ndo desturi ikaanza, ila hiyo hadithi imeandikwa miaka mingi baada ya Handel kufariki, wa wakati ule hakuna aliyeiandika. Mimi husimama tu, nikikumbuka kwaya yetu nyumbani Mkesha wa Pasaka tulivyokuwa tunaimba mishumaa ikiwa imewaka kanisa zima.

Kaka besi, kuhusu kununua. Huku kuna maduka ya mitumba ya misaada, watu wanapeleka CD za wazazi wao waliofariki, Messiah ya CD mbili nimeokota kwa paundi moja mara nyingi sana. Kama una ndugu huku mwambie apite, mwambie tu atafute kasha nene, na ahakikishe kijitabu kimo ndani. CD bila kijitabu mimi siku hizi siinunui. Kijitabu ndo kinakuambia wamefuata Messiah ya mwaka gani, nani anaimba nini, ala za kisasa au za zamani, wamerekodia wapi. Ungekuwa na kijitabu hiyo shida ya flash isingekupata. Na ukiipata CD kagua kwa mwanga upande wa chini, mikwaruzo midogo ya duara sio neno, ila ukiona kama kutu inaanzia pembeni iache.

Kitu kingine nakushauri, ukishazoea hizi kwaya ndogo tafuta usikie na ile fujo kubwa ya kale. Karne ya 19 Waingereza walikuwa wanaimba Handel kwenye jumba la Crystal Palace London kwa maelfu, 1859 waimbaji walikuwa zaidi ya 2,700. Sasa mwaka 1888, Juni 29, mtu wa mvumbuzi Edison anaitwa Gouraud alipeleka mashine pale akarekodi kwenye mitungi ya nta, ni Israel in Egypt, kazi nyingine ya Handel huyohuyo, na imebaki mpaka leo. Ni moja ya rekodi za muziki za kale kabisa zilizosalia duniani. Unasikia mchakacho kama mvua kwenye bati, alafu chinichini watu wanaimba, wanapanda wanashuka, maneno huyashiki. Nilipoisikia mara ya kwanza nilitoa hedifoni nikakaa kimya. Hao wote walikuwa watu kama sisi, wamefanya mazoezi jioni baada ya kazi, na wengi wao nota walizisoma kwa do re mi vilevile, maana huo mfumo wa sol-fa uliotufikia sisi kupitia wamisheni ulienezwa na John Curwen hapahapa Uingereza kwa ajili ya watu wasio na uwezo wa kulipa walimu.

Baadaye 1926 kampuni ya rekodi ya Columbia walipeleka maikrofoni palepale Crystal Palace, kondakta Henry Wood, maelfu wanaimba. Hiyo inasikika vizuri zaidi. Ukiiweka baada ya Dunedin Consort unaelewa mara moja kwa nini watu wamebishana miaka yote hii.

*

besi_wa_parokia:

Mwalimu shukrani sana, dada wa ughaibuni asante sana, mzee wa santuri asante. Nimeweka kinanda kutoa moja na kweli Aleluya imekaa pwaa. Nimeshangaa sana.

Na yule besi wa Malaki anaimba ile sehemu ya moto! Kwa hiyo anaimba ya Guadagni. Nimesoma Malaki 3 tena nikaona mstari unaendelea "na kama sabuni ya mtu afuaye nguo", Handel hakuuimba huo, au nimepitwa?

*

mwalimu_wa_nota:

Hujapitwa. Maneno alipangiwa na Charles Jennens, yeye ndo aliyechagua mistari, na sabuni aliiacha akaruka kwenda "naye atawatakasa wana wa Lawi", ambayo ni kwaya.

*

nyuzi_za_utumbo:

Naongeza moja tu maana mmeshasema mengi. Kwa mtu mwenye swali kama la besi, yaani huu wimbo uko wa aina ngapi, kuna rekodi ya Nicholas McGegan na Philharmonia Baroque ya 1991, CD tatu, wamerekodi karibu kila toleo la kila wimbo ambalo Handel alibadilisha. Mwisho wa kila sehemu wameweka zile mbadala, unapanga namba kwenye mashine yako unajitengenezea Messiah ya Dublin au ya London ya mwaka unaotaka. Lorraine Hunt anaimba humo na sauti yake ina giza zuri. Kwa kusikiliza tu jioni sio ya kwanza ningeichagua, kwaya ya kina Butt inanigusa zaidi, ila kwa kujifunza hakuna inayoifikia.

Na kama bando linaruhusu usisikilize kwenye video zilizobanwa, tafuta strimingi yenye ubora wa CD hata kama ni kwa mwezi mmoja tu, ukishajua unazozipenda ndo ununue. Ukilinganisha rekodi nzuri iliyobanwa na rekodi ya kawaida isiyobanwa utaionea ya kwanza. Jambo lingine, sawazisha sauti. Ile inayopiga kwa nguvu zaidi sikio huiona nzuri zaidi hata kama si nzuri. Mimi nashusha ya pili mpaka zilingane ndo naanza kuandika kwenye daftari.

*

mtunza_santuri:

Hilo la kusawazisha sauti ni kweli tupu, limenifanya nimuuze kondakta Klemperer wa 1964, Messiah yake ya santuri, kwa bei ya bure miaka ya nyuma, nilimsikiliza kwa sauti ndogo nikasema amelala. Nikaja kumsikia kwa mtu kwenye spika nzuri, sauti imefunguliwa, Philharmonia wanatembea taratibu kama maandamano ya Ijumaa Kuu na kila sauti ya kwaya iko mahali pake. Bado naitafuta ile santuri.

*

besi_wa_parokia:

Wakuu narudisha majibu. Nimechukua strimingi ya mwezi, nimeweka Davis, Hogwood, Butt na Beecham, nimesikiliza sehemu mbili tu kama mwalimu alivyoagiza, na daftari ninalo.

"Naye atatawala", kwa Beecham besi tukianza ni kama gari la mizigo linawashwa, lakini tenor akiingia mimi besi nimeshampoteza, namsikia kama mngurumo tu. Kwa Butt namsikia besi mpaka mwisho hata soprano akiwa juu, nimeweza kuimba naye bila kupotea. Hogwood wale watoto wakiingia ni kama dirisha limefunguliwa. Davis yuko katikati na nadhani huyo ndo wa kumpelekea mwalimu wetu.

Ukimya wa mwisho nimeurudia sijui mara ngapi. Sikuwahi kujua kama pale pana kitu, sisi huwa tunapavuka tu tumeshachoka, kuna mtu lazima anachomoka na "ha" kabla ya wenzake.

Jumamosi nikapeleka spika ndogo mazoezini, nikawaomba dakika tano kabla ya kuanza, nikapiga pale mwisho, Davis kisha Butt. Hakuna aliyeongea. Kuna mzee wetu wa sauti ya tatu, ameimba tangu kanisa letu likiwa la makuti, akasema rudisha. Nikarudisha. Akasema rudisha tena, usiimbe, unyamaze nao. Tukanyamaza wote 30 na kitu, mpaka feni ya kanisani ikasikika. Alafu tukaimba ya kwetu, na pale mwisho hakuna aliyechomoka.